Atakayetikisika Kwanza

Greystane, Maniototo
23 Mei 1937

Mdogo wangu Effie,

Pokea salamu nzito kama sufu ya kondoo dume. Sisi huku wazima, mbwa mzima, hata ng'ombe yule mkorofi mzima. Baada ya hapo nikuambie jambo moja, na usiniite mwongo kabla hujamaliza: katika kisiwa hiki chote hakuna mtu mwenye bahati kama mimi kaka yako. Mfalme huko London akipata habari zangu atavua taji aje anibembeleze nimwachie nafasi.

Nimetembea mimi, wajua. Nimekata kondoo manyoya New South Wales, nimelala bandarini Suva, nimekula kasa na mtu aliyejiita daktari kumbe muuza vifungo. Kote huko sikuona mtu aliyepewa kipupwe kizima cha miezi minne, ghala limejaa makaa, na wapwa wawili wa kucheka nao usiku na mchana. Binti zako, Una na Tibby, wameigeuza nyumba yangu ya kapera kuwa ukumbi wa harusi. Asubuhi tunateleza kilimani juu ya bati la tangi la zamani, mimi mbele, wao nyuma, mbwa anatufukuza akitutukana. Jioni tunacheza santuri. Sindano imekwisha, natumia mwiba wa ua, na nyimbo zote zinatoka kama zimeimbwa na mtu mwenye mafua, basi tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Sijasahau tuliyoagana stesheni. Daktari amesema ulale chali mwaka mzima, usiinuke hata kuchana nywele, na ukiinuka umejichimbia kaburi mwenyewe. Nawe ukanishika koti ukasema, "Wattie, siku nikisikia wanangu wanalia nitashuka kitandani nipande treni, na liwe liwalo." Basi lala, mama. Lala kama gogo. Marehemu mumeo aliponiachia nyinyi watatu hakuwaacha kwenye mikono mibovu. Hutasikia kilio kutoka Greystane.

Kaka yako mwenye bahati,
Wattie

*

Hospitali ya Kifua
9 Juni 1937

Kaka Wattie,

Nimefurahi kusikia mko salama, pamoja na ng'ombe mkorofi. Huku ni uji, maziwa, kipimajoto, kisha uji tena. Tunalazwa kwenye veranda isiyo na ukuta, kwa sababu wanasema baridi ndiyo dawa. Jana niliamka na theluji juu ya blanketi. Jirani yangu wa kitanda cha kulia amerudi kwao. Hivyo ndivyo masista wanavyosema mtu akiondoka hapa, "amerudi kwao," na hawasemi kwa mlango upi.

Barua yako niliisoma mpaka karatasi ikalainika. Wewe na mdomo wako! Lakini mbona Una haandiki? Mtoto yule alikuwa akiandika hata kwenye ganda la yai. Nilimwambia aniandikie kila Jumapili. Na Tibby, bado ananyonya vidole akilala?

Waambie mama hajambo. Waambie sina kazi nyingine ila kulala bila kutikisika, na kwamba kila nisipotikisika nawasogelea, na kila nikitikisika najirudisha nyuma. Una ataelewa. Mwambie amweleze mdogo wake.

Mimi wenu,
Effie

*

Greystane
23 Juni 1937

Mdogo wangu Effie,

Salamu, na Bi Peg jirani anakusalimu pia. Anakuja kutuokea mikate na kunitukana. Barua yako nimewasomea wasichana mezani, neno kwa neno, kama kasisi. Walisikiliza kimya, hata vijiko wakaviweka chini. Na maneno yako ya kulala bila kutikisika, Una aliniomba niyarudie.

Sasa sikiliza mambo ya Jumatatu. Ilikuwa siku ya kufua. Nikaanika nguo zangu za ndani, zile za sufu za mwili mzima zenye vifungo kutoka kooni mpaka kule kusikosemwa. Jalidi ya Maniototo unaijua. Kabla chai haijapoa zilikuwa zimeganda kama mbao, mikono imesimama, miguu imesimama. Nikasema, Wattie, Mungu hakupi mgeni kila siku. Nikazibeba begani nikazileta jikoni, nikazisimamisha mlangoni, nikabisha hodi.

"Nani?" akauliza Bi Peg, mikono kwenye unga.

"Bwana Mkaguzi wa Mashamba kutoka Wellington," nikasema. "Amekuja kula chakula cha mchana."

"Mwambie avae suruali kwanza!"

Nikamketisha. Hakukunjika, ikabidi nimwegemeze kwenye kiti kama ubao. Nikamvika kofia yangu, nikamwekea sahani ya nyama ya kondoo. "Bwana Mkaguzi," nikamwambia, "karibu, sema chochote." Kimya. "Watu wa serikali ndivyo walivyo," Bi Peg akasema, "wanakuja kula, hawasemi." Jiko likaanza kumpasha. Kwanza mkono mmoja ukalegea ukaanguka kwenye mchuzi. Kisha kifua kikaanza kuinama taratibu, kama mlevi anayeomba radhi. Mwisho akateleza mzima chini ya meza, kofia ikabaki juu ya viazi.

Una akacheka, Effie! Alicheka kile kicheko chako cha utotoni, cha kukosa pumzi, mpaka akashika meza. Tibby alimtazama dada yake kwanza, kisha naye akatoa kidogo.

Mengine ya kawaida. Siku hizi wametulia sana, wanapenda kitanda. Hata mchana nikiwatafuta nawakuta wamelala chali chumbani, macho wazi, kimya kama sarafu mbili. Bi Peg anasema si kawaida. Mimi namwambia ni malezi mazuri.

Una ataandika. Wino uliganda.

Wattie

*

Hospitali ya Kifua
11 Julai 1937

Kaka Wattie,

Nakusalimu wewe na Bi Peg na Bwana Mkaguzi. Nilimsomea nesi Ngaire habari ya nguo ikabidi anizuie, maana kucheka kwetu huku ni marufuku. Alikaa na barua yako mfukoni, naamini aliwasomea wodi nzima ya wanaume.

Ajabu, Jumatatu hiyo hiyo mimi niliamka vibaya. Nilikohoa damu, si nyingi, wakanilaza na barafu kifuani. Nafikiri saa hiyo hiyo Una alikuwa ameshika meza. Nyinyi mnacheka huko, mimi nakohoa huku, dunia ina mizani yake! Usijali, imepita.

Wamenihamishia chumba cha ndani, peke yangu. Ni chumba kizuri, kina dirisha.

Wino bado umeganda, Wattie? Ukiuweka karibu na jiko unayeyuka. Au mpe penseli. Sitaki barua ndefu. Aandike tu "mama," nione mkono wake.

Wasomee hii. Waambie nawabusu.

Effie

*

Greystane
8 Agosti 1937

Mdogo wangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Theluji ilifunga reli, treni ikakaa kama kuku anayeatamia, na ilipofunguliwa mkono wangu wa kulia ukawa na maumivu. Sasa ni mzima. Wote ni wazima. Hali ya hewa nayo nzuri, ukipenda nyeupe.

Habari kubwa ni kwamba barafu ya bwawa iliiva! Unakumbuka mambo ya kwetu, barafu ikishaweza kubeba watu kila mtu huitwa kwenye mchezo wa kutelezesha mawe mazito, mmoja anasukuma na wenzake wanamfagilia njia. Simu ikalia mlio mmoja mrefu kwa nyumba zote kwa pamoja, na hapo hakuna ruhusa ya kukataa. Duka likafungwa, shule ikafungwa, mzee Gilfedder aliyekuwa amelazwa na jongo akabebwa kwenye gari la nyasi na fagio lake mkononi. Hata marehemu angengoja, kwa vile ardhi yenyewe haichimbiki. Mimi nilikuwa nahodha wa mawe upande wetu. Effie, ungeniona! Jiwe langu la mwisho lilitoka mkononi kama mtu anayekwenda kuposa. "Fagia!" nawapigia kelele, "Fagia, wavivu nyie, mmeoa mafagio hayo?" Na wao wanafagia barafu mbele yake, jiwe linateleza, linapinda, linabusu la wapinzani, linakaa katikati. Wakanibeba. Wiski ikazunguka nyuma ya ukuta wa bwawa, sufuria ya nyama na viazi ikachemka siku nzima.

Wasichana walikuwapo. Walikuwa na mchezo wao wa watoto, Tibby akashinda. Nitakueleza siku nyingine. Kidole kinamsumbua kidogo kwa sababu ya viatu.

Kwa hiyo usihesabu siku. Wanafurahi kupita kiasi. Nikiwauliza, "Mnataka nini tena?" hawana cha kutaka. Hata wewe hawakulilii.

Penseli ipo. Ataandika.

Wattie

*

Hospitali ya Kifua
19 Agosti 1937

Kaka yangu Wattie,

Mkono huu ni wa nesi Ngaire, maneno ni yangu. Usishtuke, ni uchovu tu.

Salamu kwa wote. Barua yako ya barafu imenipa kitu ambacho dawa zao hazikunipa, kwa hiyo nataka kukushukuru kwa maneno ya wazi.

Daktari anataka kunipasua. Anataka kukata mbavu za upande wa kushoto ili pafu lilale. Amesema bila hivyo sifiki Krismasi, na akinipasua huenda nikafika, huenda nisitoke mezani pa upasuaji. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nijibu. Nimemwambia hapana.

Ngoja, usipige kelele. Sikuwa naogopa kisu, Wattie. Miezi yote hii kitu kilichonilaza chali nikitazama dari, nikimeza uji usiopita, ni wao. Nilijiambia wanalia, wananingoja, siwezi kuondoka. Sasa umeniandikia hawanililii, nami nimelia kwa furaha. Una anacheka. Tibby anashinda michezo. Wana nyumba, wana moto, wana mjomba. Unajua uzito niliotua? Nimechoka, kaka. Sasa naweza kuacha.

Ukitaka kuwaambia, subiri majira mapya yaingie, kondoo wazae, wawe na vitoto vya kushika. Una asilazimishwe kuandika. Nimeelewa, ana raha zake.

Mdogo wako anayekupenda,
Effie

(Bwana Wattie, mimi Ngaire naongeza hapa bila yeye kujua. Daktari hajalifuta jina lake kwenye orodha ya upasuaji. Kama una neno, liseme haraka.)

*

Greystane
23 Agosti 1937

Effie,

Leo sina salamu. Barua hii nampa mlinzi wa treni mkononi, ameapa hataiacha mpaka ifike stesheni ya huko kwenu, na wewe Ngaire nakuomba umsomee yote, hata akikuambia acha.

Mwambie daktari ndiyo. Mwambie leo. Halafu sikiliza kwa nini.

Nilikudanganya. Siku uliyoondoka Tibby alilia mpaka akatapika, na Una hakulia, hiyo ikawa mbaya zaidi. Bati la tangi nilitelezea peke yangu. Wao walisimama juu ya kilima wameshikana mikono, wananitazama naanguka. Santuri nilicheza na Bi Peg. Kila asubuhi nilikuwa naamka na kichekesho kipya, napaka masizi usoni, natembea kwa mikono, mtu mzima na jongo langu, nao wanasema, "Asante, Mjomba," kama wamepewa dawa.

Nguo za ndani ni kweli. Siku ile Una alicheka. Ndiyo mara moja tu, Effie, kipupwe kizima. Kisha ikaja barua yako ya mizani, nami mjinga nikaisoma mezani kwa sauti, kama kawaida. Nyinyi mnacheka huko, mimi nakohoa huku. Nikaendelea kusoma. Sikuinua hata macho.

Sasa nikuambie mchezo wa Tibby.

Siku ya barafu niliwaacha penye sufuria ya nyama, nikaenda kwenye mawe yangu. Sitakudanganya tena, nilikuwa nimefurahi. Watu wote macho yalikuwa kwenye barafu, kila mtu "Fagia! Fagia!" Bi Peg ndiye aliyekwenda nyuma ya ukuta kutafuta kuni. Akawakuta wamelala chali kwenye theluji, sambamba, mikono ubavuni, macho juu. Una alikuwa anatetemeka. Tibby alikuwa ameacha kutetemeka.

Nilimbeba mbio ndani ya koti langu mpaka nyumbani. Midomo ilikuwa ya buluu. Tulimweka kwenye beseni jikoni, Bi Peg anamsugua, anasali, ananitukana, vyote kwa pumzi moja. "Umri wote huo wa kuzunguka dunia, Wattie, hukujifunza kuhesabu watoto wawili!" Tibby alipofungua macho hakuniuliza kitu. Alimtafuta dada yake, akasema, "Una, nimeshinda?"

"Umeshinda," Una akamwambia.

"Basi mama amepona?"

Bi Peg akaacha kusugua. Nikamshika Una mabega. "Mchezo gani huu?" Hakutaka kusema. Nikampigia kelele, Effie, mara ya kwanza, na baada ya kelele ndipo akasema. Mama anapona asipotikisika. Sisi ni wa mama, kwa hiyo na sisi tukitikisika ni kama yeye ametikisika. Atakayetikisika kwanza ndiye anayemrudisha mama nyuma. Wamekuwa wakicheza tangu Juni, kitandani, kila siku. Mimi nilikuwa napita mlangoni nasema, tazama watoto wenye adabu.

"Lakini Bwana Mkaguzi alinichekesha," akasema, "nikatikisika sana. Ukasoma mwenyewe ilivyokuwa." Kisha akanishika mkono, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mjomba, tafadhali, acha kutuchekesha."

Ndiyo maana haandiki. Kuandika ni kutikisika. Kila Jumapili anaketi mbele ya karatasi, mikono chini ya mapaja, mpaka giza linaingia.

Nilimwambia si hivyo, nikamwapia. Bi Peg akamweleza, daktari wa mjini Ranfurly akamweleza alipokuja kwa ajili ya miguu. Tibby amekatwa vidole viwili, mguu wa kushoto, vile vidogo. Havikuwa viatu, ilikuwa jalidi. Una anatusikiliza wote, anaitikia, halafu anakwenda kulala chali.

Nilitaka kukuandikia yote usiku ule. Nikafikiri, akisikia atashuka kitandani, atakufa stesheni. Basi nikakuandikia mawe na wiski. Nilidhani ninakulaza. Kumbe nilikuwa nakuzika, tena kwa mkono wangu mwenyewe na wino wangu mwenyewe.

Unasema unaacha kwa sababu wanafurahi. Effie, ukiacha sasa, Una atajua ni nani aliyekuua. Atajua siku na saa. Atazeeka nalo. Mtoto atakuwa bibi mwenye wajukuu, na mtu akifanya mzaha mezani atainamisha kichwa ashike mdomo. Hakuna mjomba wa kulitoa hilo. Hata ungempata mjomba mwenye akili.

Huenda usitoke mezani, ameyasema daktari, nimeyasoma. Lakini wakijua ulikubali kisu, nitawaambia mama mwenyewe aliamua kutikisika, aliinuka akapigana, na haikuwa kosa la mtu. Hilo naweza kulisema bila uongo. Ukilala tu ukajiachia, sina la kuwaambia.

Na ukitoka, njoo na mbavu zozote utakazoachiwa, hata nusu. Njoo ucheke mbele yake bila kukohoa. Mimi nimejaribu kila kitu ninachokijua, na ninajua vingi, na hakuna kilichofaa.

Nilikuandikia Mei kwamba hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na kwamba nyumba hii inacheka usiku na mchana. Ni uongo. Nyumba iko kimya, Effie, naogopa kuingia chumbani kwao, na sina bahati yoyote.

Wattie